Kura ya Bibi: Namna ya kuandaa maonyesho ya wanawake wa harakati mjini Tabora

Mtu akitaja kumbukumbu ya haki ya wanawake kupiga kura, akili hukimbilia picha za London: mabibi wenye kofia pana, mabango mikononi, polisi wanawaburuta. Picha hizo ni za kweli na zina mahali pake. Lakini ukizitundika kwenye ukuta wa Tabora peke yake, mgeni wako wa kwanza, mama aliyetoka Ipuli na mtoto mgongoni, atazitazama kwa adabu kisha atauliza bomba la maji liko wapi.

Makala haya ni ya mwalimu wa historia, afisa utamaduni, katibu wa kikundi cha akina mama, au yeyote aliyepewa chumba kimoja na fedha kidogo akaambiwa, "Tufanyie kitu cha wanawake." Tabora ina historia yake ya kura, na ni nzito kuliko ya miji mingi. Shida ni kwamba imezoeleka kusimuliwa kama mazungumzo ya wanaume ukumbini. Kazi yako ni kuonyesha nani alikuwa nje ya ukumbi, jikoni, kwenye behewa la treni na kwenye foleni.

Anza na kizingiti

Kabla hujatafuta hata picha moja, ielewe hoja yenyewe, maana hapa ndipo maonyesho mengi yanapopotea.

Zanzibar, katika uchaguzi wa Julai 1957, wanawake hawakuwa na kura kabisa. Walipiga kwa mara ya kwanza Januari 1961. Hapo mlango ulifungwa waziwazi na kila mtu aliuona. Tanganyika mambo yalikuwa mengine. Sheria ya uchaguzi wa 1958 haikumtaja mwanamke kwa ubaya. Ilisema tu kwamba mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango ambacho wengi hawakukifikia, au wadhifa uliotambuliwa na serikali. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo tunazungumzia shilingi 3,000 kwa mwaka, yaani 250 kila mwezi. Juu ya hayo kulikuwa na sharti la kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemchagua wa kwake peke yake, kura yake iliharibika.

Sharti hilo ndilo lililowaleta wajumbe wa TANU Tabora Januari 1958. Je, chama kisusie? Wengi walitaka kususia. Nyerere alisimama akatetea kuingia, na hoja yake ikashinda. Ndio ule uitwao Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda uchaguzi wa 1958 na 1959. Mwaka 1960, masharti yakiwa yamelegezwa lakini bado yapo, chama kikachukua viti 70 kati ya 71. Ilipofika Novemba 1962, katika uchaguzi wa rais, mtu mzima alipiga kura bila kuulizwa pesa wala cheti. Miaka minne na miezi kadhaa tangu ule mkutano. Uswisi, kwa kulinganisha, wanawake walipata kura ya kitaifa mwaka 1971.

Sasa angalia jambo ambalo ningelipa ukuta mzima. Wanawake waliochaguliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi ule wa kura tatu ni Sophia Mustafa, Lady Marion Chesham na Barbro Johansson. Mmoja wa asili ya Asia, wawili Wazungu. Wote watatu walisimama na TANU na waliheshimika, wala sisemi hivyo kuwapunguza. Ila hakuna mwanamke Mwafrika aliyechaguliwa, na wakati huohuo waliokuwa wakijaza viwanja vya mikutano walikuwa wanawake wa Kiafrika. Weka majina hayo matatu, kisha acha nafasi tupu kando yake, na swali moja kwa herufi kubwa: kwa nini? Mgeni akiondoka na swali hilo, chumba chako kimefanya kazi.

Meza ya mwandikishaji

Njia bora ya kuwafanya watu waelewe kizingiti ni kuwapitisha. Tafuta meza moja ya zamani, kiti kimoja, daftari kubwa na muhuri wa mpira. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akae pale kama karani wa uandikishaji wa 1958. Mlangoni kila mgeni achukue kadi yenye maelezo ya mtu wa wakati ule: muuza maandazi wa stesheni, mke wa karani wa reli, mwalimu wa kike, mkulima wa Sikonge mwenye mizinga ya nyuki, mpika pombe, mke wa mfanyabiashara mwenye duka. Kadi ziwe za mfano, zisiwe na jina la mtu halisi.

Mgeni anafika mezani, karani anauliza: "Kipato chako kwa mwaka? Una ushahidi gani? Umesoma mpaka wapi?" Mpika pombe pengine anapata hela nzuri kuliko karani wa serikali, lakini hana karatasi ya kuthibitisha, na hela yake inaingia na kutoka kwenye pindo la khanga. Daftari halimwandiki. Mke wa karani anaambiwa kipato ni cha mumewe. Mwalimu anapita. Wanaopita wanapewa karatasi ya kura yenye safu tatu, na atakayeweka alama moja tu anagongewa muhuri wa IMEHARIBIKA.

Zoezi hili linachukua dakika tano na halihitaji umeme. Wanaume wazima hukasirika wakikataliwa na mtoto wa shule, na hasira hiyo ni somo tosha. Onyo moja: karani wako afundishwe asicheke watu. Wapo wageni ambao hadi leo hawajui kusoma, na wakidhihakiwa hapo umewafanyia lilelile lililofanywa na mkoloni.

Majina kwanza, picha baadaye

Kila mtu anamjua Bibi Titi Mohamed, na lazima awepo. Alizaliwa 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na mwaka 1955 alipopewa kuongoza tawi la wanawake la TANU aliandikisha wanachama wanawake wapatao 5,000 ndani ya miezi michache. Alitumia mtandao uleule wa vikundi vya ngoma, ambako wanawake walishazoea kuchangishana, kuchagua viongozi na kutunza siri. Lakini ukimtumia Bibi Titi peke yake, Tabora inabaki kituo cha kupitia.

Mtafiti Susan Geiger alirekodi simulizi za wanawake wa TANU na kitabu chake kikatoka 1997. Kina mambo mengi ya Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Tabora haikupata bahati hiyo. Mohamed Said, mwandishi wa maisha ya Abdulwahid Sykes, ametaja wanawake wa Tabora, akiwemo Nyange binti Chande na Dharura binti Abdulrahman, pamoja na wanaume wa mji kama Germano Pacha na Bilal Rehani Waikela. Anzia hapo. Chukua majina hayo, nenda Gongoni, Isevya, Ng'ambo na Kanyenye, kaa na wazee, uliza: huyu alikaa nyumba ipi? Alikuwa na nani? Jina moja huvuta mengine matatu.

Piga hesabu mapema. Aliyetimiza miaka 21 mwaka 1962 alizaliwa 1941, na sasa ameshapita themanini. Walio hai ni wachache na wanachoka haraka. Nenda asubuhi, kaa muda mfupi, rudi kesho. Amkia ipasavyo, shikamoo kwanza, na kama mwenyeji wako ni Mnyamwezi basi mwangaluka itakufungulia mlango kabla ya barua yako ya utambulisho. Beba sukari na sabuni, siyo bahasha. Bahasha ikitangulia, utasimuliwa unachotaka kusikia.

Maswali yako ndiyo yatakayokuokoa au kukuangusha. Ukiuliza, "Bibi, ulichangia vipi katika harakati za ukombozi?" atakujibu kama anahutubia mkutano wa kijiji, maneno mazuri yasiyo na kitu. Uliza vitu vinavyoshikika. Kadi uliinunua kwa nani? Uliificha wapi? Wageni wa mkutano walilala nyumba za akina nani, na nani aliwapikia? Mzee alikuruhusu, au ulikwenda kimyakimya? Siku ya kura ulivaa khanga gani? Foleni ilianzia wapi? Hapo ndipo sauti inabadilika.

Jambo jingine la kukumbuka: watumishi wa serikali ya mkoloni walikatazwa kujiunga na TANU, na Tabora ulikuwa mji wa watumishi hasa: makarani, walimu, watu wa ofisi ya mkoa. Kwa hiyo ukifika kwenye familia ya aliyekuwa karani usiishie kuulizia kadi ya baba. Uliza kama mama alikuwa nayo.

Majina yaandike yote. Mwanamke mmoja anaweza kuwa binti fulani kwenye daftari la chama, Mama fulani mtaani, na jina la ubatizo kwenye kitabu cha kanisa. Jina hilohilo la Dharura utaweza kulikuta limeandikwa Zarula. Usisahihishe, andika namna zote mbili na mahali ulipozikuta. Na kabla hujaweka jina la mtu yeyote ukutani, familia yake ikubali kwa maandishi. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, hili ni suala la adabu.

Unaporekodi kwa simu, washa hali ya ndege ili simu isiite katikati, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa badala ya meza tupu, na mwambie mjukuu afunge kuku. Faili usilitume WhatsApp kama ujumbe wa sauti, maana unaweza kupotea kwenye mazungumzo usionekane tena. Litume kama dokumenti, na nakala ya pili iwe kwenye diski iliyofungiwa kabati la mtu mwingine.

Kadi, khanga na sufuria

Utaletewa vitu, na utaletewa kwa mfuko wowote uliopatikana. Kadi ya chama ya miaka ya hamsini ni karatasi iliyokwishachoka. Wema wa kwanza utakaofikiriwa na mwenye nayo ni kuipeleka steshenari ikapigwe laminesheni. Mzuie kwa upole. Joto na gundi ya plastiki vinaunguza wino na havitoki tena. Selotepu vilevile. Ipige picha kivulini pande zote mbili, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe safi ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya kasha la plastiki lenye kifuniko lililoinuliwa kutoka sakafuni. Adui wako Tabora ni mchwa kwanza, vumbi la kiangazi pili, wezi tatu. Kwenye maonyesho weka nakala ya rangi. Ya asili irudi kwa mwenyewe.

Khanga isiningʼinizwe dirishani. Jua la Unyamwezi linaila rangi kabla maonyesho hayajaisha. Iviringishe kwenye bomba lililofungwa kitambaa cha pamba, na ukiionyesha itandaze mahali penye kivuli bila pini za chuma, kwa kuwa kutu haitoki. Ukileta khanga ya kuigiza iliyonunuliwa sokoni wiki jana, sema ni ya kuigiza.

Usidharau sufuria. Mkutano mkubwa wa siku kadhaa katika mji mdogo ulihitaji mikono ya kupika, kuchota maji na kutandika. Sufuria kubwa nyeusi yenye kibao kinachotaja nani aliitumia na nyumba ipi ina uzito kuliko picha ya kumi ya meza kuu.

Kila kitu unachoazima kiwe na hati mbili zilizosainiwa, moja kwako na moja kwa mwenye mali, na picha ya kitu hicho na tarehe ya kukirudisha. Familia nyingi ziliwahi kutoa picha zao kwa wageni wenye kamera na hazikuziona tena. Usishangae wakikukazia macho.

Kama chumba chenyewe ni tembe

Wengine mtafikiria Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, kilomita chache nje ya mji. Wazo si baya, mradi ruhusa ya mamlaka za mambo ya kale ipatikane kwa maandishi mapema sana, na usipige hata msumari mmoja kwenye kuta zile za udongo. Tumia fremu za mbao zinazosimama zenyewe.

Lakini utauliza: kura inahusianaje na njia ya misafara iliyopita hapo? Inahusiana kwa watu. Livingstone na Stanley walifika Kwihara Februari 1872, na Livingstone akabaki pale hadi Agosti. Kibao cha kawaida huishia hapo. Ila msafara wa Livingstone ulikuwa na mpishi, mwanamke aitwaye Halima, aliyekuwa naye Ujiji na Kwihara, na anatajwa kwenye shajara zake. Alilisha kundi zima. Anza ukuta wako na Halima. Kisha wake wa wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri na waume zao hadi pwani, sufuria kichwani. Kisha wanawake waliopitishwa njia hiyohiyo kama watumwa, ambao mara nyingi hawana hata jina kwenye maandishi. Sema hivyo, usiwaruke. Kisha Nyaso, aliyekalia kiti cha utemi wa Unyanyembe enzi za Wajerumani baada ya Isike, ili watoto wajue kuwa mwanamke kutawala hapa hakukuletwa na chama. Kisha reli, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Njia ile ilieneza Kiswahili, dini na ngoma kutoka pwani hadi Ujiji, na hivyo ndivyo vitu vilivyomwezesha mwanamke wa Dar es Salaam kushuka stesheni ya Tabora miaka ya hamsini akahutubia bila mkalimani. Ramani moja kubwa ya sakafuni, Bagamoyo hadi Ujiji, itaeleza hili kuliko aya kumi. Watoto watatembea juu yake.

Maandishi na ukweli mchungu

Kibao kisizidi maneno sabini. Kiswahili kwanza, herufi zisomeke ukiwa umesimama hatua mbili nyuma, na katikati ya kibao pawe kama sentimita 145 kutoka chini. Mpe mama wa sokoni akisome kabla hujachapisha. Akiuliza maana ya "ushiriki wa kijinsia katika michakato ya kisiasa," futa.

Usikatishe hadithi mahali pazuri. Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake ulipoanzishwa 1962, akawa mbunge, kisha akapoteza kiti chake 1965. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Alifariki Novemba 2000. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa halitajwi kwenye sherehe za chama alichokijenga. Sasa barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Wapo watakaokushauri uache sehemu ya kesi "ili tusichafue." Iweke, kwa tarehe na maneno makavu. Ukiificha, mzee mmoja atasimama siku ya uzinduzi aiseme kwa namna yake, nawe utakuwa umepoteza heshima ya chumba kizima.

Vilevile usiwafanye wanawake wote wa Tabora kuwa TANU. Wapo waliomfuata Mtemvu, wapo walioogopa, wapo waliokatazwa nyumbani wakatii. Uliza habari zao pia.

Tarehe

Watakuambia uzindue 8 Machi. Siku hiyo mgeni rasmi atakuwa na shughuli tano na maonyesho yako yatakuwa ya dakika kumi kati ya gwaride na chakula. Januari, mwezi wa mkutano wenyewe, ndiyo tarehe yenye haki, lakini ni masika ya shamba: bibi unayemtaka yuko kwenye mahindi na njia ya Kwihara ni tope. Ningefanya hivi: Januari fanya kikao kidogo cha wazee, chai na kurekodi, fungua maonyesho tarehe 7 Julai, Saba Saba, siku TANU ilipozaliwa 1954, kiangazi, mavuno yako ghalani na wanafunzi wanaweza kutembea. Funga kabla ya mvua za Novemba, na urudishe kila kilichoazimwa kwa mkono wako.

Viti vya mbele siku ya ufunguzi vikae familia zilizotoa majina, na hotuba ya mgeni rasmi ije baada ya mmoja wao kuongea. Ukishindwa kila kitu kingine kwa ukosefu wa fedha, fanya meza ya mwandikishaji na orodha ya majina, basi.

Na wewe msomaji wa Tabora, Urambo, Nzega, Sikonge au Ujiji mwenye sanduku la bibi ambalo halijafunguliwa tangu msiba: lifungue mkiwa wawili, pigeni picha kila karatasi kabla ya kuikunjua zaidi, na mpelekeeni habari mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu. Aliyebaki anayeweza kusoma majina nyuma ya zile picha ana miaka zaidi ya themanini, na mvua zinakuja.